Likizo ya Juni Njombe: wapeni watoto muda wa kushiba binamu zao

Mwaka wa kwanza nilipowapeleka wanangu watatu kwa bibi yao Uwemba, Njombe, tulikaa siku nne. Siku ya kwanza walinishika sketi. Ya pili walitazamana tu na watoto watano wa mjomba wao, kila kundi upande wake wa moto. Ya tatu jioni, mpira wa makaratasi uliwapitia katikati, mmoja akacheka, mchezo ukaanza mpaka giza likawakuta uwanjani. Ya nne alfajiri nikawapandisha basi kurudi Dar. Kitinda mimba alilia kutoka Makambako mpaka Mafinga, na mimi sikuwa na neno la kumbembeleza, maana alikuwa na haki.

Tangu hapo siendi chini ya wiki mbili. Kutoka Stendi ya Magufuli ni kutwa nzima barabarani: Morogoro, mbuga ya Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, halafu bado. Mtu akifika na uchovu ule, siku mbili za mwanzo ni za kuona haya na kuzoea baridi. Kama una siku nne tu, bora uweke akiba ya nauli uende mwakani kwa utulivu.

Baridi yenyewe tusiichukulie kama ule upepo wa kusi wa kwetu pwani. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kuna asubuhi unakuta majani ya viazi bondeni yameungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Watoto waogeshwe mchana jua likiwaka, wapakwe mafuta mgando midomoni, walale na soksi.

Kwenye nguo ndipo nilipokosea mwaka wa pili. Niliwanunulia wangu majaketi mapya, nikajiona mama makini. Tulipofika, watoto wa kaka walikuwa wamevaa masweta yaliyotoboka viwiko. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake binti yangu wa miaka minane alilivua jaketi, akalisokomeza chini ya begi, akashinda akitetemeka pamoja na wenzake. Nilipomuuliza akasema, “Mama, wao hawana.” Nilikwenda jikoni nikalia.

Siku hizi tukishuka Njombe mjini napita kwanza kwenye mitumba, nanunua masweta manane mazito, wote sawa. Namkabidhi wifi yangu ayagawe yeye, si mimi. Mgeni akigawa, watoto wa nyumbani wanakuwa wapokeaji mbele ya wenzao. Mama yao akigawa, ni nguo za nyumbani tu.

Kulala, walale pamoja. Nilianza kwa kuwatenga wangu kitandani kwa kuhofia mafua, nikawa nimewanyima sehemu tamu kuliko zote, yaani zile hadithi za kunong’ona taa ikishazimwa. Sasa magodoro yanatandikwa chini, wanane wanajipanga chini ya mablanketi, na joto lao wenyewe linatosha. Ila wa miaka minne namwamsha saa tano usiku akojoe, kwa sababu baridi huwakojoza watoto hata waliokwisha kuacha. Wakubwa nimewaambia mapema kwamba likitokea la kutokea, hachekwi mtu.

Jiko la mkaa, hata hivyo, halilali na watoto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Mama yangu aliona nawanyima wajukuu wake joto. Sikubishana naye mbele ya watu. Nilisubiri tukiwa wawili nikamwambia, “Mama, naomba jiko tulitoe nje kabla hawajalala, hewa yake inaua bila kunuka.” Alinyamaza muda, akasema, “Basi waletee blanketi langu.” Tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye anayelikagua.

Mchana usiwapangie ratiba. Huo ni msimu wa mahindi kutoka shambani, na kupukuchua kunawaunganisha kuliko zawadi yoyote uliyobeba. Wanakaa kuzunguka rundo, vidole vinawauma, wanashindana nani kajaza debe. Simu nilizifungia kabatini, na siku ya tatu hakuna aliyeziulizia. Binamu zao waliwafundisha Kibena, lugha ya huko, kwa kuwacheka matamshi, na mtoto wa mjomba kwa mtoto wa shangazi ni watani, kwa hiyo usikimbilie kuamua kila ukisikia kelele. Furaha yangu ilikuwa kumwona mwanangu wa kwanza akimwinamia babu jirani na kumsalimia “Kamwene” bila kusukumwa.

Angalizo moja la afya kwa wanaotoka Dar. Mwaka juzi binti yangu alipata homa siku ya tano, tukasema ni baridi, tukampa chai ya tangawizi siku nzima. Alipopimwa ilikuwa malaria, aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Njombe ina malaria kidogo sana, kwa hiyo kule homa ya mtoto hufikiriwa mafua kwanza. Mwambie mhudumu mmetoka wapi na lini, uombe kipimo siku hiyohiyo.

Hilo linanihusu zaidi sasa, kwa sababu Desemba watoto wa kaka wanashuka kwetu kwa mara ya kwanza. Waliokulia baridini hawana kinga ya malaria kama ya waliozaliwa Pwani. Nimeshanunua vyandarua vitatu vya ziada, na nimemwomba kaka awaache wiki tatu. Kaniambia atafikiria. Nitampigia tena Jumapili.