Kidevu cha mzee kimekufa ganzi na sasa anaona vitu viwili viwili, jino linahusika?

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 63, tuko Morogoro, kavuta sigara miaka mingi japo ameshaacha. Mwezi na nusu sasa kidevu na mdomo wa chini upande wa kulia vimekufa ganzi, tukampeleka kwa daktari wa meno jino likang'olewa ila ganzi iko palepale. Wiki hii anasema akitazama pembeni anaona vitu viwili viwili. Kikohozi anacho cha muda, amepungua pia. Jirani anasema inaweza kuwa kansa ya mapafu, sasa kifua na kidevu wapi na wapi?

JIBU: Marahaba. Jirani yenu ana hoja, na hili msilikalishe hata wiki mbili.

Kichwani kuna jozi 12 za mishipa ya fahamu. Unaoleta hisia kidevuni unapita ndani kabisa ya mfupa wa taya la chini, sasa kansa ikisambaa kwa damu ikaingia kwenye taya lile, au kwenye mfupa wa chini ya fuvu mshipa unapotokea, kidevu kinakufa ganzi hata kama meno ni mazima. Kansa ya matiti, ya mitoki, ya tezi dume na ya mapafu zote zinaweza kufanya hivi, na kuna watu ganzi hiyo ndiyo imekuwa dalili ya kwanza kabisa. Mimi ganzi ya kidevu ambayo haina sababu ya meno naihesabu kama kansa mpaka vipimo vikatae.

Na jicho ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Kuona viwili ukitazama pembeni mara nyingi ni mshipa wa 6 umelegea, ule unaovuta jicho kwenda nje. Peke yake kwa mtu wa umri wake ningefikiria sukari au presha kwanza, lakini mishipa miwili tofauti, mmoja baada ya mwingine, kwa mtu aliyevuta sigara na anakonda, hiyo siyo bahati mbaya tu.

Ila TB nayo jamani. TB ya utando wa ubongo inashika mishipa hiyohiyo, na mgonjwa anaweza akawa hana homa kali, kwa hiyo apimwe makohozi kwa GeneXpert (mashine inayotafuta vijidudu vya TB), HIV na sukari. Nachoomba ni asianzishiwe dawa za TB kwa picha ya kifua peke yake halafu mkakaa miezi mnasubiri, maana kwenye eksrei uvimbe wa kansa na TB vinafanana sana na muda unaopotea hapo haurudi.

Mwombeni daktari vipimo vya picha za ndani ya mwili, CT ya kifua na MRI ya kichwa yenye dawa ya kung'arisha, na kwenye fomu aandike kabisa kwamba anataka waangalie chini ya fuvu na taya, maana wakiangalia ubongo tu mfupa unaweza kupitwa. Wakikuta uvimbe lazima kichukuliwe kinyama kipimwe, bila hicho hakuna anayejua ni kansa ya aina gani. Wanaweza pia kutoa maji ya uti wa mgongo, na kama kansa imeshika utando wa ubongo majibu ya kwanza yanaweza kutoka safi kabisa, so wakisema warudie msikatae.

Sauti yake ikoje? Ikiwa imekwaruza zaidi ya wiki 3 mwambieni daktari, mshipa wa sauti wa upande wa kushoto unashuka mpaka kifuani unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu ndipo unapanda kooni, uvimbe wa pafu unaweza kuubana palepale.

Msimnunulie prednisolone wala deksamethasone, zile dawa za steroidi, duka la dawa. Zitampa nafuu ya muda na zinaweza kuvuruga majibu ya kinyama.

Ikithibitika ni kansa, mionzi inapunguza maumivu na wakati mwingine mshipa unarudi kufanya kazi, kwa huko kwenu hospitali ya kansa ya Ocean Road Dar ndiyo njia ya kawaida. Na kinyama kikionyesha mabadiliko ya EGFR (jeni mojawapo ndani ya seli za kansa) kuna vidonge vyake, ulizeni kama kipimo hicho kimefanyika.

Akianza kupaliwa na chakula, kutapika na kichwa kuuma sana, kusinzia ovyo, au miguu kukosa nguvu, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni emajensi usiku huohuo.