Gari ikitikisika ukikanyaga mafuta tu, angalia shafti

Ndugu, hiyo si balansi ya magurudumu. Umesema gari yako inatikisika ukipanda mlima wa Salgaa huku umekanyaga mafuta, halafu inatulia ukiachia pedali. Gurudumu lisilo na balansi halijali mguu wako. Likifika mwendo wake, kwa kawaida kilomita 80 hadi 100 kwa saa, litatetemesha usukani hata ukiachia.

Kwa gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, anza na jointi ya ndani ya shafti (chuma kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu), ile ya upande wa giaboksi. Ndani yake kuna rola tatu. Zikichimba mashimo kwenye kikombe chake, kila nguvu ikipita gari inayumba kushoto kulia. Mwambie fundi apige jeki, ashike shafti aitikise, na aangalie raba inayofunika jointi kama imepasuka na grisi imetoka. Jointi ya nje huwa inalia ka-ka-ka ukikata kona, kwa hivyo wasikubadilishie hiyo bure. Hapa gereji Nakuru nimeona watu wakinunua tairi mpya nne kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya gari.

Lakini kama injini yenyewe inakohoa na taa yake kwenye dashibodi inamwekamweka, mara nyingi hiyo ni plagi au koili, zile zinazowasha petroli. Usiendelee kuiendesha hivyo mlimani, petroli isiyochomeka itaunguza katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Na kabla ya yote kaza nati za magurudumu. Hiyo ni dakika 5, na gurudumu likichomoka kwa ile miteremko ni maisha ya watu.