Mdogo wangu ameugua akili, anazuiwa msikitini: nini hukumu yake?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Naandika kutoka Tanga. Mdogo wangu wa kiume aliugua akili, akalazwa. Sasa anameza dawa, anahudhuria kliniki, anajisafisha mwenyewe na anaongea vizuri. Anatamani kurudi msikitini ila anaogopa macho ya watu, maana kabla hajalazwa aliwahi kupiga kelele katikati ya khutba. Huko kliniki amepata rafiki, fundi cherehani, aliyeugua maradhi hayohayo na sasa yuko vizuri. Amejitolea awe anampitia nyumbani waende swala pamoja. Mjumbe mmoja wa kamati ya msikiti kasema wagonjwa wawili hawaongozani, na kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza wendawazimu wasiingizwe misikitini. Je, ni kweli? Na swala zilizompita alipokuwa mgonjwa, azilipe?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah amkamilishie mdogo wako shifaa.

Hadithi aliyoikusudia mjumbe wenu ipo. Ameipokea Ibn Majah kutoka kwa Wathila bin Asqa, kwamba iepusheni misikiti yenu na watoto wenu na wendawazimu wenu. Lakini kuwemo kitabuni si kuthibiti. Katika wapokezi wake yumo Harith bin Nabhan, ambaye wanazuoni wa fani hii wameziacha riwaya zake. Tena hadithi hiyohiyo imewataja watoto, ilhali Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama: akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Mwenye kuishikilia hadithi ile na aanze kwanza kuwatoa watoto wa madrasa, tuone wazazi watamwambia nini.

Sitaficha kwamba Imam Nawawi, katika kitabu chake Majmuu, amesema ni makuruhu kumwingiza mwendawazimu msikitini. Ila ametaja na sababu, nayo ni kuchelea najisi, na akabainisha kuwa si haramu. Hukumu hufuata sababu yake. Kijana anayejitwaharisha, anayejua yuko rakaa ya ngapi, hahusiki na maneno hayo hata kidogo. Akili anayo, kwa hiyo swala ni faradhi juu yake na Ijumaa inamlazimu kama inavyomlazimu huyo mjumbe. Mwenye kumzuia na aisome aya ya 114 ya Suratul Baqara, inayouliza ni nani dhalimu mkubwa kuliko mwenye kuzuia misikiti ya Allah lisitajwe humo jina Lake.

Ama zile kelele, Bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume, Madina. Masahaba walipomwinukia, Mtume (s.a.w.) aliwaambia wamwache, kisha wapamwagie ndoo ya maji, kwani wametumwa kurahisisha. Na Bedui yule alikuwa na akili zake timamu.

Sasa tuje kwa huyo fundi cherehani, kwa sababu naona yeye ndiye aliyedharauliwa zaidi katika kisa hiki. "Wagonjwa wawili hawaongozani" si aya wala si hadithi. Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni alimweleza Mola wake kuwa kifua chake kina dhiki na ulimi wake haukunjuki, akaomba Harun atumwe pamoja naye. Aya inayofuata, ya 14 katika Suratush Shuaraa, inaongeza kuwa alikuwa na jambo la nyuma baina yake na watu wale, akawaogopa. Hiyo ndiyo hali ya mdogo wako: ana dhiki ya kifua, na kuna jambo la nyuma baina yake na watu wa mahali anapokwenda. Allah hakumwambia Musa aende peke yake awe jasiri. Alimjibu, katika Suratu Twaha, kuwa amepewa aliyoyaomba.

Mimi naweza kumtolea mdogo wako mawaidha mpaka adhana ya Isha, lakini sijui inavyokuwa kusimama safuni huku unasikia sauti asiyoisikia jirani yako, au kukaa attahiyatu na miguu isiyotulia kwa sababu ya dawa. Rafiki yake anajua. Tumeshayaona haya kwa WAVIU washauri katika kliniki zetu, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI akimshika mkono aliyepata majibu yake jana. Katika maradhi ya akili nako, mradi wa UPSIDES uliwafunza watu waliowahi kuugua wawasaidie wenzao, katika hospitali ya Butabika kule Kampala na hapa kwetu Dar es Salaam. Wenye hospitali wamemwona mtu huyu ana faida. Sioni kwa nini kamati ya msikiti imwone ni balaa.

Waanze na Isha au Alfajiri za siku za kazi, watu wakiwa wachache, ili Ijumaa ikifika awe ameshazoea. Wasimame nyuma karibu na mlango, na wakubaliane ishara ya kutoka. Asione haya kutoka: yuko mtu aliyejitenga na swala ya Muadh, sahaba aliyekuwa akiwaswalisha watu wake, ilipomzidia urefu, akaswali peke yake, na aliyelaumiwa na Mtume (s.a.w.) ni Muadh. Rafiki asitangaze maradhi ya mwenzake, hiyo ni sitara. Asijifanye daktari pia. Wakija wa visomo, mimi jini simkanushi na ruqya naisoma, ila anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ndipo kisomo kishike, huyo anamdhuru Muislamu. Mtume (s.a.w.) amesema jitibuni, enyi waja wa Allah. Kabla ya Ramadhani waende kwa daktari wapange saa za dawa, maana zipo, kama litiamu, zinazogeuka hatari mwili ukikaukiwa maji.

Na huyo rafiki asiachiwe mzigo peke yake. Aliyepata nafuu naye huyumba. Imamu atafute mtu wa tatu, na upande wa akina mama vilevile, maana wagonjwa wa kike wengi wetu tumewafungia ndani wala hatuulizwi.

Imamu naye ana mfano wake. Anas amesimulia, katika Sahihi Muslim, kuwa mwanamke aliyekuwa na kitu akilini mwake alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Akamjibu, ewe mama fulani, chagua njia yoyote uitakayo nikutimizie haja yako. Akasimama naye kando ya njia mpaka akamaliza. Alimwita kwa heshima ya mama wa fulani na kumwachia achague mwenyewe mahali. Nenda na kisa hiki kwa imamu, umwone faragha kabla ya kikao cha kamati, kwani mbele za watu mjumbe ataona amevunjiwa hadhi na atazidi kung'ang'ania.

Kuhusu swala zilizopita: kwa madhehebu yetu ya Shafi, siku ambazo akili ilikuwa imeondoka kabisa hazilipi, kwa kuwa kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate akili. Akili ikimrudia na wakati wa swala haujatoka, hata kwa kadiri ya takbira moja, swala hiyo inamlazimu. Siku alizokuwa na fahamu zake ila amelala kwa huzuni na uzito wa mwili, hizo atalipa. Asijitese kuzilipa zote kwa mpigo. Kila faradhi aiswali pamoja na ya kulipa moja, na akichoka apumzike, aendelee kesho.

Wallahu a'lam.