Maswali ya Wasomaji: Bata wa Majira ya Baridi Mtoni Vltava

SWALI: Ndugu mhariri, ninasoma Praha, Ucheki. Tangu Novemba, kila nikipita karibu na Daraja la Charles nakuta bata-maji, wale weupe wenye shingo ndefu, wamechanganyika na bata wadogo. Nikiwahesabu mara mbili napata idadi mbili. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, wanaokuvuruga ni bata wanaopiga mbizi. Bata mwenye kishungi huweza kukaa chini ya maji sekunde 15 hadi 20, na kundi likizama pamoja hutaona hata nusu yake. Chagua kipande cha mto kati ya nguzo mbili za daraja, simama papo hapo, hesabu mara tatu na uandike idadi iliyo kubwa kuliko zote. Wastani haufai hapa, kwa sababu kosa huwa ni la kupunguza. Kisha sogea mbele bila kurudi nyuma. Wakiruka kuelekea unakokwenda, waandike pembeni usije ukawahesabu tena.

Dume mwenye kishungi ni mweusi, ubavu mweupe, jicho la njano. Mwenye kichwa cha hudhurungi na jicho jekundu ni wa aina nyingine. Kukuziwa, yule mweusi mwenye mdomo na paji jeupe, si bata kabisa. Bata-maji aliyekomaa ana mdomo wa rangi ya chungwa wenye kinundu cheusi, na cha dume ni kikubwa zaidi. Akiwa na manyoya ya kijivu yenye ukahawia, huyo ni kinda wa mwaka. Mwandike peke yake, maana idadi ya makinda ndiyo inayoonyesha uzazi ulikwendaje.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi za milimita 42) yatosha. Ukiona pete ya watafiti mguuni, ngoja ndege apande ukingoni, kisha nakili kila herufi na tarakimu, mguu gani, mahali na tarehe. Pete za huko huandikwa N. MUSEUM PRAHA, yaani Makumbusho ya Taifa, Praha. Katikati ya Januari ndio wakati wa hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza 1967, jiunge na wanaohesabu.

SWALI: Wanangu hupenda kuwarushia mkate. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Mkate huwajaza tumbo bila lishe ya kutosha, unaobaki huoza majini, na wenye ukungu huwaumiza mapafu. Wape punje za ngano au mahindi, au saladi iliyokatwakatwa. Watupie majini, kidogo kidogo, wamalize kula kabla ya kuongeza. Chakula kikimwagwa ukingoni, panya ndio watakaonufaika usiku.

SWALI: Mbona mto haugandi mjini?

JIBU: Ni kazi ya mabwawa yaliyo upande wa juu wa mto, kabla ya kufika mjini, kama Slapy lililokamilika miaka ya 1950. Hutoa maji ya kilindini, ambayo wakati wa baridi huwa na joto kuliko ya juu. Maziwa na mabwawa ya samaki ya mashambani yakiganda, bata huhamia mjini, kwa hiyo nenda siku mbili tatu baada ya baridi kali kuanza.