Kumbikumbi wamechemshwa, mbona maabara imeona bakteria?

SWALI: Tunakusanya kumbikumbi Kongwa mvua za kwanza zikianza. Tunawachemsha, tunawaanika juani na kuwafunga kwenye mifuko. Majibu ya maabara yanasema bakteria ni wengi. Tumekosea wapi, na tupime nini kabla ya kuuza?

JIBU: Akina mama, tatizo linaanzia baada ya sufuria. Dakika 5 kwenye maji yanayotokota huua Salmonella na E. koli, lakini spora (mbegu ngumu) za bakteria aitwaye Bacillus cereus hubaki hai. Kumbikumbi akishinda na unyevu kwa saa nyingi, spora huchipua na bakteria huzaliana. Ndiyo shida ya Novemba na Desemba: wingu likitanda, hawakauki. Na turubai likitandikwa chini, vumbi na kinyesi cha kuku hurudisha vijidudu mlivyokwisha kuviua.

Chemsheni kidogo kidogo. Sufuria ikijaa sana maji hupoa, kwa hiyo anzeni kuhesabu dakika yakitokota upya. Waanikeni safu moja kwenye kichanja, juu wafunikwe chandarua. Jua likikataa, malizieni kukausha kwa moto mdogo siku hiyohiyo.

Maabara iombeni kipimo cha maji huru (water activity), yaani maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia, siyo asilimia ya unyevu peke yake, maana kumbikumbi wana mafuta mengi na asilimia hiyo hudanganya. Maji huru yakiwa chini ya 0.6 hakuna bakteria wala kuvu anayeweza kukua. Pelekeni sampuli 5 kutoka mifuko tofauti ya mkupuo mmoja, zilizokwisha kufungwa kama za kuuzwa. Salmonella isionekane kabisa katika gramu 25 za kila sampuli.

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, msiiache. Mwaka 2016 aina yake iitwayo aflatoksini kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kukaanga hakuiondoi. Kichanja cha mahindi au karanga zenye ukungu kisitumike kwa kumbikumbi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni viuatilifu. Mchwa ni adui wa mkulima na wa mwenye nyumba, hivyo vichuguu humwagiwa dawa. Kipimo chake ni ghali na moto hautoshi kuiondoa dawa hiyo. Muulizeni mwenye shamba kabla ya kutega. Kichuguu chenye historia ya dawa, kipiteni.

Kwenye lebo andikeni kwamba mwenye mzio wa kamba wa baharini anaweza kudhurika. Usajili wa bidhaa, nendeni TBS (Shirika la Viwango Tanzania).