Kwa dogo wa PCM anayetaka kuwa injinia wa magari ya mashindano, soma hii

Wakuu habari za jioni. Kuna dogo hapo juu kauliza, yuko kidato cha sita Arusha anasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), anataka kuwa injinia wa magari ya mashindano na anauliza kama hiyo kazi ipo kweli kwa mtu wa huku kwetu au ni mambo ya kuangalia kwenye tivii tu. Nimepitia majibu, wengi mmemwambia aachane nayo akasome udaktari au atafute kazi bandarini. Naomba nijibu kwa urefu maana hii kazi ndo inanilisha mimi na watoto wangu, na sikutoka familia ya hela.

Mimi mtu wa Tanga. Nilisoma diploma ya magari, nikazunguka zunguka gereji za mjini pale, mpaka 2012 binamu yangu aliyekuwa Nairobi akanitafutia nafasi kwenye gereji moja iliyokuwa inaandaa Subaru na Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) za rali. Nikaenda na begi moja. Miezi saba ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuosha, yaani gari inarudi kutoka porini imejaa tope mpaka huoni rangi ya shokapu, mimi naingia chini na brashi ndogo na maji, naosha amu (vile vyuma vinavyoshikilia tairi), naosha bushi, naosha kila kona ya kwenye tao la tairi. Roho iliniuma, nina diploma yangu naosha magari. Fundi mkuu pale alikuwa mzee mmoja mtulivu sana, siku moja akanionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye weldingi ya mahali shokapu inapofungwa, akaniambia wewe ndo ulipaswa kuuona huu kabla yangu, kwa sababu wewe ndo unakuwa na hiki chuma kikiwa kisafi. Kuanzia siku ile nikawa naosha na tochi mdomoni na daftari mfukoni, kila ninachokiona naandika, tarehe, gari, upande gani.

Dogo, hilo daftari ndo lililonifanya injinia, hata kabla ya digrii ambayo niliisoma baadae ukubwani. Nitakueleza kwa nini.

Mwaka 2014 tulikuwa na rali ya ubingwa wa taifa Kenya, servisi ya dakika 30, yaani muda wa mafundi kuitengeneza gari katikati ya mashindano. Kama hujui sheria, gari inaingia servisi kwa saa yake na inatoka kwa saa yake, ukichelewa kila dakika moja dereva anaongezewa sekunde 10, na ukiwahi ndo mbaya zaidi, dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi. Kwa hiyo watu mnafanya kazi mnasikia moyo unadunda masikioni. Nilikuwa nabadilisha shokapu ya nyuma kushoto, nikaingiza bolti ya chini, nikaikaza kwa mkono, halafu mtu akaniita nimshikie gia boksi upande wa pili, nikaenda. Niliporudi nikaona shokapu ipo, nati ipo, nikajua nilishamaliza. Gari ikatoka. Kilomita kama 9 ndani ya steji, kile kipande cha njia kinachopimwa muda, nati ikatoka, shokapu ikaachia, tairi ikakunjamana ndani ya tao na safari ikaishia hapo. Dereva na navigeta, yule anayemsomea njia, wako salama namshukuru Mungu, lakini walikuwa nafasi ya tatu na hela ya msimu ile yote ilitoka mfukoni kwa dereva na ndugu zake.

Mzee hakunifokea. Alinichukua usiku ule tukaenda na pikapu kuivuta, kimya njia nzima. Tulivyofika akamulika tochi kwenye ile bolti, akaniuliza, ulijuaje kwamba umeikaza? Sikuwa na jibu. Kesho yake kukawa na utaratibu mpya gereji nzima, bolti ikishakazwa kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) inachorwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, mtu wa pili anapita anasoma mistari, hakuna mstari gari haitoki, hata kama ni kula adhabu ya kuchelewa dakika mbili. Timu nyingi kubwa duniani zinafanya hivyo, sisi tulijifunza kwa kuumia. Mpaka leo kila nikiona nati haina mstari tumbo linanikata.

Sasa nije kwenye uinjinia wenyewe maana watu wanadhani ni kukaa na laptopu unaangalia grafu. Grafu zipo, gari ina sensa za mwendo, breki, usukani, joto, na shokapu zinavyopanda na kushuka, unachomeka waya unavuta data. Ila kazi kubwa ni kumsikiliza dereva. Dereva anashuka, vumbi mpaka kwenye kope, anakwambia gari haishiki. Hilo neno peke yake halikusaidii kitu. Unamuuliza haishiki wapi, ukiingia kona, katikati, au ukitoka? Bado unakanyaga breki au umeshaachia? Inasukuma mbele haitaki kukata, au mkia ndo unakimbia? Kwenye kokoto au kwenye udongo mgumu? Ukimuuliza kwa utaratibu utashangaa mtu aliyekuwa na neno moja anakupa maelezo ya dakika tano, na hapo ndo unaenda kwenye data kuona kama inakubaliana nae.

Nilipoanza kupewa gari yangu mwenyewe ya kusimamia niliharibu hapa. Dereva alilalamika mbele kunasukuma, mimi kwa papara nikalainisha springi za mbele, nikapunguza upepo kwenye tairi, nikageuza kliki za shokapu (za kurekebisha ugumu wake), vyote kwa mpigo. Steji iliyofuata akaenda haraka kweli na kila mtu akanipongeza. Kesho yake ardhi ikabadilika, mvua imepiga, gari ikawa haiendesheki na mimi sijui kati ya vile vitatu kipi ndo kilisaidia jana na kipi kinatuua leo. Toka hapo nabadilisha kitu kimoja, naandika, nangoja jibu. Ni ngumu kuliko inavyosikika, maana dereva ana haraka, mwenye gari ana haraka, na wewe mwenyewe unataka kuonekana unafanya kitu.

Na hiyo fizikia yako ya darasani usiidharau hata kidogo. Ile springi ya F=kx ndo hiyo hiyo, ila kwenye gari springi haikai juu ya tairi moja kwa moja, kuna amu katikati, kwa hiyo tairi ikipanda sentimita 10 na springi ikabonyea 5 tu, ugumu unaoufikia tairi si nusu ya ule wa springi, ni robo. Kaa chini uipige mwenyewe hiyo hesabu uone robo inatoka wapi. Nimekutana na mafundi wa miaka 20 walionunua springi mbovu mara tatu mfululizo kwa kutojua hilo tu.

Mfano mwingine wa fizikia ni Naivasha, Kenya. Safari Rally ilianza 1953, enzi hizo inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa taarifa yenu Bert Shankland aliyekuwa anaishi huku Tanzania aliishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. Ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 ikarudi 2021, makao yakiwa Naivasha. Pale uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 17 ukilinganisha na Tanga. Gari za Rally2 (daraja la chini ya zile kubwa za ubingwa wa dunia) kabla ya turbo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, zina pete ya milimita 32 ambayo hewa yote lazima ipitie hapo, na hewa ikishafika mwendo wa sauti kwenye ile pete huwezi kuilazimisha ipite zaidi, kwa hiyo turbo hata izunguke vipi haikurudishii nguvu yote uliyoiacha pwani. Injinia aliyekuja na mahesabu ya Ulaya anashangaa gia zake zimekuwa ndefu ghafla, yaani injini haina nguvu ya kuzivuta.

Halafu kuna fesh fesh, lile vumbi laini kama unga wa sembe, linajaza mitaro mpaka njia inaonekana tambarare kumbe chini kuna jiwe. Linaingia kwenye filta, linaziba njia za kupoza, likikutana na maji linakuwa saruji. Mwaka ule wa 2021 Thierry Neuville aliamka Jumapili anaongoza kwa karibu dakika nzima, steji ya kwanza tu ya siku, Loldia, suspensheni ya nyuma ikavunjika, akashinda Sébastien Ogier wa Toyota. Mwaka uliofuata Toyota wakachukua nafasi ya kwanza mpaka ya nne kama walivyofanya 1993. Hiyo si bahati jamani, kwa macho yangu ni watu waliokubali kujenga gari ya kuhimili kwanza, mwendo baadae. Natamani vijana wetu waliopo karibu na hii rali waone kwamba tunayo maabara ambayo wazungu wanasafirisha makontena kuifuata.

Njia ya kupita sasa. Ukitaka Formula 1 viwanda vingi viko Uingereza, Mercedes wako Brackley, Red Bull Milton Keynes, McLaren Woking, Williams Grove, na Ferrari ndo wako Maranello Italia. Rali, Toyota wako Jyväskylä Finland, Hyundai wako Alzenau Ujerumani. Kule wanapenda mtu aliyepitia Formula Student, wanafunzi wanabuni na kujenga kigari chao wenyewe halafu wanashindana, Uingereza yalianza 1998 na siku hizi yanafanyika Silverstone. Ukipata chuo chenye hiyo timu ingia mwaka wa kwanza, usisubiri. Na usiseme watu wetu hawafiki, Stephanie Travers mzaliwa wa Zimbabwe alikuwa injinia wa vilainishi na mafuta na timu ya Mercedes, 2020 kule Austria akapanda jukwaani kupokea kombe.

Ila huhitaji kusubiri Ulaya. Mwaka wangu wa kwanza nililipwa nauli na chakula, nisikudanganye, na mpaka leo gari za rali peke yake hazinitoshi, katikati ya wiki natengeneza gari za watalii, na ni suspensheni zile zile. Pasaka ya 2024 mke wangu alikula bila mimi, maana mwaka ule Safari Rally iliangukia Pasaka. Mtoto wangu wa pili alizaliwa nikiwa Iringa chini ya Evo. Hayo uyapime pia.

Likizo yako ikifika tafuta rali iliyo karibu, Tanga, Morogoro, hata Arusha hapo zipo, nenda kwenye servisi siku moja kabla, si siku ya mashindano maana hakuna atakayekuwa na muda na wewe. Vaa buti ngumu, beba tochi na daftari, muulize fundi mkuu kama ana kitu cha kuosha. Ukiona ufa usinyamaze hata kama wewe ni mgeni wa saa mbili. Na hiyo hesabu ya robo ukiipata iweke hapa chini nitaiangalia.