Maswali na majibu: Uboho wa mtoto kwenye MRI

*Mwanangu ana miaka 9, analalamikia goti. Tulipelekwa Dar kupiga MRI. Ripoti inasema goti ni zima, ila kuna "mabaka kwenye uboho wa mfupa wa paja, karibu na goti". Jirani kaniambia saratani ya damu huanza hivyo. Silali.* (Mama, Makorora)

Pole mama. Jirani kakutisha bure. Mtoto huzaliwa na uboho mwekundu, ule unaotengeneza damu, karibu katika kila mfupa. Anavyokua, sehemu kubwa hugeuka kuwa uboho wa manjano, wenye mafuta. Ukipasua mfupa wa paja la ng'ombe mkubwa wa supu, yale mafuta watoto wanayogombania kufyonza ndiyo hayo. Mbavu na pingili za mgongo zake bado zina wekundu ndani. Kwetu binadamu ni vivyo hivyo.

Mageuzi hayo huanzia vidoleni na kupanda kuelekea kiwiliwili. Ndani ya mfupa mrefu huanza katikati, kisha hufuata ncha ya chini, na ya juu huwa ya mwisho. Kazi nzima hukamilika mtu akiwa na miaka kama 25. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 kukutwa na uboho mwekundu juu ya goti ni jambo la kawaida kabisa. Mara nyingi huonekana kama ndimi za moto, shina lake likiwa pale mfupa unaporefukia, na goti la pili lingepigwa picha lingefanana nalo. Binafsi naona ripoti ya mtoto isiyotaja kama mabaka ni ya kawaida kwa umri wake haijamaliza kazi. Mrudie daktari aliyeandika, umuulize hilo tu.

Angekuwa na homa isiyoisha, weupe wa viganja, michubuko isiyo na sababu au maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku, ningekuambia uwahi hospitali leo, aanze na FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu.

*Sisi tusio wataalamu wa picha tutatofautishaje uboho mwekundu na ugonjwa?* (Muuguzi, Muheza)

Tazama picha za T1, aina mojawapo ya picha za MRI. Mafuta hung'aa, kwa hiyo uboho wa manjano unang'aa kama mafuta ya chini ya ngozi. Mwekundu ni mweusi zaidi, lakini nao una mafuta yake, takriban asilimia 40, hivyo baada ya utotoni kabisa unabaki mweupe kidogo kuliko misuli na kuliko diski za mgongo. Ukiwa mweusi sawa na msuli au kuuzidi, shtuka. Shtuka pia doa likivuka mstari wa kukulia, pale mfupa unaporefukia, na kuingia kichwa cha mfupa pale gotini, kwa sababu vichwa vya mifupa hugeuka mapema, miezi michache tu baada ya kuanza kuwa mfupa. Kwa mtoto mchanga kanuni ya msuli usiitumie: uboho wake unaweza kuwa mweusi hivyo na yeye ni mzima.

*Nina miaka 13, nacheza mpira. MRI ya mguu imeonyesha vidoadoa kwenye kisigino na mifupa mingine. Niache?* (Kijana, Chumbageni)

Vidoadoa vya namna hiyo huonekana hata kwa watoto wazima wasiolalamika chochote, na hupungua kadiri wanavyokua. Kama sehemu ya doa haiumi ukiibonyeza na haijavimba, si doa la kukuachisha mpira. Ikiuma hapohapo, pumzika, ukachunguzwe.

*Binti yangu wa miaka 16 ana sikoseli. Wamesema uboho wake ni mwekundu mwili mzima.* (Baba, Pongwe)

Kwake ni jambo la kutarajiwa, mzee wangu. Chembe zake za damu hufa mapema, basi mwili unaurudisha kazini hata uboho uliokwisha kuwa wa mafuta. Lakini sikoseli huleta pia mfupa kufa kwa kukosa damu, na usaha ndani ya mfupa. Akiwa na maumivu mapya na homa, msiseme "ni sikoseli tu", mpelekeni.

*MRI ina mionzi?* (Wengi wenu)

Haina mionzi ya eksirei. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Ina kelele nyingi, na mtoto akitikisika picha inaharibika. Mvueni heleni, pini za mtandio, na hirizi kama ina kasha la bati.